Chombo Kilicholala Kisile: Maoni Juu ya Umeme wa Kusubiri

Umeme unapofika kijijini, jambo la kwanza linalozungumzwa ni taa, na la pili ni bei ya uniti. Lipo jambo la tatu ambalo ni nadra kutajwa, nalo ndilo lililokusudiwa katika makala haya: umeme unaoliwa na vyombo ambavyo kwa wakati huo havifanyi kazi yo yote. Televisheni iliyozimwa kwa rimoti haikuzimika; imelala tu. King'amuzi kinachoonyesha taa nyekundu usiku kucha hakikupumzika, kinangoja amri. Hali hiyo tutaiita hapa hali ya kusubiri, na umeme unaotumika ndani yake tutauita umeme wa kusubiri.

Hoja yetu ni moja. Umeme wa kusubiri si kosa la mama wa nyumbani aliyesahau kuzima soketi. Ni kosa la usanifu, na dawa ya kosa la usanifu hupatikana kiwandani na katika viwango vya taifa, si katika kumgombeza mtumiaji. Ili hoja hii isiwe maneno matupu, yafaa tuanze kwa hesabu, kisha tutazame ndani ya chombo, ndipo tutoe hukumu.

Hesabu ya nyumba moja

Chinongwe ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, jirani na Nachingwea, katika nchi ya wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Mapato ya mkulima huja kwa msimu, bali umeme hununuliwa mwaka mzima, kidogo kidogo, kwa mita ya LUKU. Na tuchukue nyumba moja ya kufikirika katika kata hiyo. Ina televisheni, king'amuzi na redio ya sabufa. Tuseme kwamba katika hali ya kusubiri televisheni hula wati 1, king'amuzi wati 9, na sabufa wati 5. Jumla ni wati 15, kiasi ambacho si cha ajabu kwa vyombo vya usanifu wa zamani.

Tufanye hesabu kana kwamba vyombo hivyo vimelala mwezi mzima. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Wati 15 mara saa 720 ni watisaa 10,800, yaani uniti 10.8. Nyumba ambayo huvitumia saa chache kila siku itapunguza tarakimu hiyo kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya siku vyombo hivyo huwa vimelala.

Je, uniti 10 ni kitu? Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, kundi la watumiaji wadogo wa majumbani liliwekewa bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Kila uniti iliyozidi hapo ilitozwa shilingi 350. Mpango huo ulikuwa na nia njema, kwani ulimpa mnyonge umeme wa lazima kwa bei anayoiweza. Lakini tazama: uniti 10.8 ni karibu sehemu moja ya saba ya uniti 75. Sehemu moja ya saba ya msaada uliokusudiwa kumwangazia mtoto anapojisomea huishia kupasha joto mgongo wa king'amuzi. Na nyumba inayotumia uniti 70 kwa kazi za haki husukumwa na vyombo vilivyolala hadi kuvuka mpaka, ikaanza kununua uniti kwa bei iliyo mara tatu na nusu ya ile ya kwanza.

LUKU ni kifupi cha maneno Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Jina hilo lina ahadi ndani yake. Chombo kinacholiwaza giza kwa taa nyekundu huivunja ahadi hiyo kila usiku, kwa sababu mwenye nyumba hulipia kile ambacho hakukitumia. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Yako mambo magumu zaidi katika nyumba zinazotumia umeme wa jua. Paneli ya wati 50, tukikadiria kwamba hupata saa 4 za jua kamili kwa siku, hutoa watisaa 200. Ikiwa nyumba hiyo ina inveta ambayo hula wati 8 hata pasipokuwa na kitu kilichochomekwa, basi inveta hiyo ikiachwa wazi mchana na usiku hula watisaa 192. Zinabaki watisaa 8. Mwenye nyumba ataamini kwamba betri yake ni mbovu, au kwamba jua la Ruangwa ni dhaifu, ilhali mwizi yumo ndani ya sanduku dogo la inveta.

Kwa nini chombo hula kikiwa kimelala?

Hapa wanafunzi wa fizikia wataona kwamba somo la darasani si geni nyumbani.

Vyombo vya zamani, pamoja na sabufa nyingi za bei nafuu, hutumia transfoma ya chuma kushusha volti 230 hadi volti chache. Mara nyingi swichi ya chombo hukata mkondo upande wa pili tu wa transfoma, au rimoti huzima kipaza sauti na kuiacha transfoma ikiwa bado imeunganishwa na soketi. Ingawa hakuna kazi inayofanywa, usumaku ndani ya chuma hugeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde. Kila mgeuko huacha joto kidogo, na mikondo midogo inayozunguka ndani ya bamba za chuma huongeza joto jingine. Ndiyo maana transfoma huwa vuguvugu hata alfajiri, wakati nyumba nzima imelala.

Vyombo vya siku hizi vina njia nyingine. Umeme wa soketi hunyooshwa kwanza na diodi, ukawa mkondo mnyofu wa volti 325 hivi. Kisha transista huukatakata mara makumi ya maelfu kwa sekunde, nao hupita katika transfoma ndogo ya feraiti. Njia hii ni bora sana chombo kinapofanya kazi, lakini nayo ina mianya yake. Ili saketi iweze kuanza, wasanifu wa awali waliweka rizista iliyounganishwa moja kwa moja na zile volti 325. Ikiwa rizista hiyo ina ukinzani wa omu 300,000, basi kwa kanuni ya volti mraba gawanya kwa ukinzani hupoteza wati 0.35 daima dumu, ingawa kazi yake ilikwisha katika sekunde ya kwanza. Aidha, transista inayokata umeme mara 60,000 kwa sekunde hupoteza kiasi kidogo katika kila mkato, hata kama upande wa pili hapahitajiki kitu.

Sasa linganisha na mahitaji ya kweli. Kipokezi kidogo kinachosikiliza mwanga wa rimoti hutosheka na mkondo wa miliampea 1 hivi kwa volti 5. Hiyo ni miliwati 5, yaani wati 0.005. King'amuzi kinachokula wati 9 ili kiweze kusikia rimoti hula mara 1,800 ya kile kinachohitajika kwa kazi hiyo. Ni sawa na kuwasha tanuri la mkate ili kupasha moto kijiko cha chai.

Msanifu afanye nini?

Dawa zinajulikana, wala si siri ya kiwanda kimoja. Ya kwanza ni kuiondoa ile rizista ya kuanzia, na mahali pake kuweka saketi inayojikata yenyewe mara tu chombo kinapoamka. Ya pili ni kuifanya transista isikate umeme mfululizo wakati wa kusubiri, bali ikate mara chache kisha inyamaze, kama mlinzi anayezunguka boma mara moja kwa saa badala ya kukimbia usiku kucha. Ya tatu ni kutenga umeme wa sehemu inayosubiri na umeme wa sehemu inayofanya kazi, ili sehemu kubwa ikatwe kabisa. Ya nne ni kuweka swichi ya kweli mbele ya chombo, inayotenga chombo na soketi kwa kidole kimoja.

King'amuzi chastahili kutajwa peke yake, kwa sababu tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu, nyumba nyingi zenye televisheni zimekihitaji. King'amuzi hupenda kubaki macho ili kipokee programu mpya kutoka kituoni, na kile cha dishi hupeleka umeme hadi kwenye kichwa cha dishi juu ya paa. Lakini hakuna sababu ya kukesha. Kinaweza kusanifiwa kiamke nusu saa tu usiku, kikitumia wati 12, kisha kilale kwa nusu wati muda wote uliobaki. Hesabu yake ni watisaa 6 za kuamka na watisaa 11.75 za kulala, jumla watisaa 17.75 kwa siku. Yule wa wati 9 hula watisaa 216. Kazi ni ile ile. Gharama imepungua mara 12.

Sheria zilivyokuja

Wasanifu hawakuamka wenyewe. Mwaka 1998 Alan Meier, mtaalamu wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley huko California, alipendekeza kwamba kila chombo kisile zaidi ya wati 1 kikisubiri, na mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati likaliunga mkono wazo hilo. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliziagiza idara zake kununua vyombo visivyozidi wati 1 pale vinapopatikana. Mwaka 2005 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilitoa kiwango IEC 62301, kinachoeleza jinsi ya kupima umeme huo, kwa maana sheria isiyo na kipimo ni sawa na soko lisilo na mizani.

Kisha Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni ya mwaka 2008. Kuanzia Januari 2010 chombo cha kawaida hakikuruhusiwa kupita wati 1 kikisubiri. Kuanzia Januari 2013 mpaka ukashuka hadi wati 0.5. Kanuni mpya, iliyoanza kutumika Mei 2025, imepanga kwamba kuanzia Mei 2027 chombo kilichozimwa kisizidi wati 0.3. Tazama mwendo huo: kila sheria ilipokaza, viwanda vililalamika, kisha vikatengeneza. Wala vyombo havikutoweka madukani.

Katika Afrika Mashariki, Kenya ilitoa mwaka 2016 kanuni za ufanisi na lebo za vyombo vya umeme, zikihusu mitambo kama majokofu, viyoyozi, mota na taa. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini chombo kidogo kinachosubiri hupita kwa urahisi katikati ya vidole vya sheria, kwa sababu kikitazamwa peke yake hakionekani kuwa kitu.

Kwa nini kanuni, wala si mawaidha?

Wako watakaosema: "Mwananchi azime soketi ukutani, mambo yaishe." Ushauri huo ni mzuri, nasi twamhimiza kila msomaji aufuate leo. Hata hivyo hauwezi kuwa msingi wa sera ya taifa. Soketi nyingi ziko nyuma ya kabati. Ving'amuzi vingine huchukua dakika kadhaa kuamka. Na jambo linalotegemea kumbukumbu ya kila mtu kila usiku hushindwa siku ile mtu anapochoka. Msanifu hufanya uamuzi mara moja, nao hutumika katika vyombo laki moja kwa miaka kumi. Ni haki kwamba anayeamua mara moja ndiye abebeshwe wajibu, si yule atakayebeba gharama kila siku.

Wengine watasema kwamba nchi ambayo bado inapeleka umeme vijijini haina nafasi ya kushughulikia nusu wati. Twaona kinyume chake. Tuseme nyumba milioni moja zina zile wati 15 zetu. Jumla ni megawati 15, mchana na usiku. Kituo cha gesi cha Mtwara, kilichojengwa kuihudumia mikoa ya Lindi na Mtwara kwa gesi ya Mnazi Bay, kiliwahi kuwa na mitambo ya jumla ya megawati 18. Ni kama kujenga kituo kizima cha namna hiyo, kuchimba gesi yake na kuvuta nyaya zake, kisha kukitoa karibu chote kuvilisha vyombo vilivyolala.

Wapo pia watakaohofia bei ya vyombo. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, lakini mabadiliko tuliyoyataja ni ya vipande vidogo ambavyo viwanda huvitumia tayari katika bidhaa za masoko yenye sheria. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kukosa sheria. Maji hufuata bonde, na bidhaa iliyokataliwa penye kipimo hutafuta soko lisilo na kipimo. Pasipo mpaka, bidhaa ya wati 9 na ya nusu wati hukaa rafu moja, zikiwa na sura moja, na mnunuzi hana njia ya kuzitofautisha ila bei ya siku hiyo.

Hoja moja ya wapinzani yafaa ikubaliwe nusu. Umeme wetu wa vijijini hupanda na kushuka, na chombo kilichosanifiwa kwa mji wenye umeme tulivu huweza kuungua mapema. Kwa hiyo tusinakili kanuni za Ulaya neno kwa neno. Kiwango chetu kidai mambo mawili kwa pamoja: chombo kile kidogo kikisubiri, na kistahimili volti zinazoyumba, tena kifunguke ili fundi wa Ruangwa mjini aweze kukitengeneza. Chombo kinachookoa nusu wati lakini hutupwa baada ya mwaka mmoja si akiba.

Nachingwea yenyewe ni shahidi wa gharama ya kuleta mitambo kabla ya kupima. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa na reli ikajengwa kutoka Mtwara, lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na baadaye reli nayo iking'olewa. Mitambo haikukosekana. Kilichokosekana ni kipimo cha mahali.

Kazi ya shule

Basi kipimo na kianze shuleni. Shule ya sekondari yenye mita ya LUKU inayo maabara tayari. Mita huonyesha taa ndogo inayopepesa, na juu yake huandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Ikiwa ni 1,000, basi kila mpepeso ni watisaa 1, yaani jouli 3,600. Kwa kuwa mita nyingi hazihisi vizuri mzigo mdogo sana, tumieni mbinu ya tofauti. Zimeni kila kitu, kisha washeni taa moja ya wati 9 na kuhesabu sekunde kati ya mipepeso miwili: zitakuwa 400 hivi. Halafu chomekeni king'amuzi kikiwa kimelala. Sekunde zikipungua hadi 200, mzigo umekuwa wati 18, na king'amuzi peke yake hula wati 9. Rudieni kipimo mara tatu na kuchukua wastani. Onyo moja: pasiwe na mwanafunzi wa kufungua chombo, kwa maana kapasita za ndani huweza kuhifadhi volti 325 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Wanafunzi wa Chinongwe, Ruangwa na Nachingwea wakipima vyombo vya nyumba zao na kuandika majedwali kwa uaminifu, watakuwa wamefanya jambo ambalo ripoti za mbali haziwezi kulifanya: kuonyesha ni kiasi gani kinaliwa hapa, katika vyombo hivi, kwa bei hii. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, lina mamlaka ya kuweka kipimo, na majedwali kama hayo ni ushahidi wa kulipelekea.

Tunachopendekeza kinaweza kusemwa kwa maneno machache. Kila chombo cha nyumbani chenye hali ya kusubiri kipimwe kabla ya kuingia sokoni. Kiasi chake cha wati za kusubiri kiandikwe kwenye sanduku, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka. Mpaka uanzie wati 1, na baada ya miaka michache ushuke hadi nusu, ili wafanyabiashara wapate muda wa kumaliza shehena zao. Ving'amuzi na inveta vitangulizwe, kwani ndivyo vinavyomuumiza zaidi mtu wa kipato kidogo. Uniti zitakazookolewa hazitaonekana kwa macho, ila zitaonekana katika LUKU ya mkulima mwezi wa Machi, wakati korosho zimekwisha kuuzwa, ufuta bado uko shambani, na kila uniti ina kazi yake.